Vidonge vya Mavyaa

Mimi nina hasira za karibu, na sikufichi. Siku niliyoolewa Kisauni mamangu alinivuta kando akaniambia, "Huko uendako, mdomo wako ufunge kwenye pindo la leso, usiufungue ila kwa heri." Nikamwitikia, "Abee, Mama," nikaufunga. Nikakaa nao umefungwa siku nne kamili.

Nyumba niliyoingia ilikuwa ya mavyaa wangu, mamake mume wangu. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa bandarini, akiondoka jua halijatoka, kwa hiyo mchana kutwa tulibaki wawili, mimi na mavyaa. Naye alikuwa na mdomo kushinda wangu, ila wake ulikuwa wa vicheko. Kazi yake ilikuwa kutengeneza magodoro na mito ya sufi. Bi arusi gani wa Kisauni au Kongowea, miaka ile ya mwisho wa mkoloni, aliyelalia godoro lisilopita mikononi mwake? Mimi simjui. Na kama yuko, basi alilala vibaya.

Sufi, kwa asiyeijua, ni ile pamba nyepesi itokayo kwenye maganda ya msufi. Unaichambua mbegu, unaipiga kwa fimbo mpaka ifunguke, ndipo unaishindilia ndani ya kitambaa cha godoro. Lakini ni nyepesi mno. Upepo ukiingia tu, sufi yako yote iko kwa jirani. Basi mavyaa alikuwa akifunga mlango, akifunga dirisha, na mwanya wa chini ya mlango akiuziba kwa leso kuukuu, ndipo ajifungie humo apige. Alipotoka, nyusi na kope zilikuwa nyeupe tupu, nasi tukimcheka. Miaka zaidi ya ishirini alilivuta vumbi lile kwa hiari yake, na alichokiona yeye ni kwamba sufi yake haipotei hata chembe.

Nilipofika mimi, pumzi yake ilikuwa imekwisha kuwa fupi. Kutoka chumbani hadi jikoni uani, mahali pa hatua kumi, alisimama mara mbili akashika ukuta, akajifanya kuna kitu anachokitazama.

"Naitazama hii chokaa inavyobanduka," ataniambia.

"Mama, chokaa gani ya kutazamwa kila siku?"

"Wewe huijui nyumba hii. Umekuja jana."

Kisha kikohozi kikavu kinamshika, na maneno yanaishia hapo. Mtaani wengine walisema ni pumu, wengine wakanong'ona ni kifua kikuu. Siku yangu ya tano pale, mwanamke mmoja alikuja kututembelea na kikombe chake mwenyewe kwapani. Hapo pindo la leso likafunguka. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki, na jioni nikamwambia mume wangu, mamako aenda hospitali kesho, utake usitake.

Tukavuka hadi kisiwani kwa basi, juu ya lile daraja la zamani la Nyali lililokuwa likielea majini. Wakampima makohozi, wakamrudisha. Wakampiga picha ya kifua, wakamrudisha. Mara ya tatu ndipo tukaingizwa kwa daktari mwenyewe, Mhindi wa makamo, mzaliwa wa papa hapa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha karani wake. Aliishika ile picha dirishani akaitazama sana, kisha akamwuliza mavyaa kama amewahi kuungua.

Mavyaa akakunja mkono wa baibui akamwonyesha kovu la mafuta ya moto, la tangu ujana wake.

"Hebu ivute ngozi hiyo. Yanyooka?"

"Hainyooki, daktari. Imekakamaa tangu zamani."

"Basi mapafu yako yana makovu kama hilo, tena mengi. Vumbi la sufi limeingia, pafu likavimba kwa kulikataa, na uvimbe ukikaa sana huacha kovu. Pafu lenye kovu halitanuki. Wavuta hewa, lakini hewa haina pa kuingia."

Akasema kovu lililokwisha kukaa hana dawa nalo. Lakini kuna uvimbe mwingine ungali unawaka ndani, nao ndio unaotengeneza makovu mapya kila siku, na huo alitaka kujaribu kuuzima. Kulikuwa na vidonge vipya vya kutuliza uvimbe, vinatoka ng'ambo kwa meli, haba sana. Wengine vimewafaa, wengine havikuwafaa. "Sikuahidi kitu, mama. Twajaribu." Nilimpenda kwa neno hilo. Waganga wote waliomwona mavyaa kabla yake walimwahidi.

Miaka imepita, na mjukuu wangu asomaye mambo ya dawa aniambia mpaka leo wangali wakitafuta molekuli za kuutuliza uvimbe wa mapafu kabla haujawa kovu, na zisimletee mtu balaa nyingine. Nilimwambia balaa hizo nazijua moja moja, nilikaa nazo nyumba moja.

Daktari akatupa kichupa cha kahawia. Vidonge vitatu kila asubuhi baada ya chakula, turudi siku ya kliniki baada ya mwezi. Sufi, marufuku. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa aliona nani mkali kati yetu. "Asiruke siku hata moja. Na asiache ghafla. Mwili ukishaizoea dawa hii, ukinyang'anywa ghafla huanguka, na pumzi yaweza kwenda isirudi. Umenisikia?" Nikamwambia nimesikia.

Siku ya nne asubuhi niliamka nikasikia mtu anafagia uani huku anaimba. Nikadhani tumepata mgeni. Kutoka nje, ni mavyaa! Amefagia ua, ameosha vyombo, amechota maji ndoo mbili, na wala hashiki ukuta. Nilisimama pale mlangoni nikalia machozi ya furaha, naye akaniambia niache uvivu, nikakande unga.

Basi tukaingia katika siku za raha. Dawa ile ilimpa njaa ambayo sijapata kuiona kwa binadamu. Atakula mahamri sita na mbaazi za nazi, atajipangusa mdomo, kisha aniulize, "Na chakula cha asubuhi ki tayari?" Wiki ya pili mashavu yakaanza kujaa. Wiki ya tatu uso ulikuwa mviringo, ngozi imetanda inang'aa, na watu mtaani wakasema, "Mkwe huyu amlisha mamake!" Mimi sikuwakatalia. Sifa zilikuwa chache kwangu, nilizipokea zilivyokuja.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa shoga yake mavyaa, wamecheza pamoja tangu wasichana. Magoti ya mama huyo yalikuwa yamefura, na mwaka wa pili sasa hatembei. Alishinda mkekani mlangoni kwake, akitaka kwenda jikoni hujikokota kwa kukaa. Asubuhi moja nakaanga samaki, nasikia hodi, nainua uso, namwona amesimama uani kwetu kwa miguu yake miwili. Upawa ulinitoka mkononi.

"Lo! Nani kakuponya?"

"Mungu," akasema, akamtazama mavyaa, wote wawili wakaangua kicheko.

Ningejua papo hapo, lakini nilikuwa mjinga wa furaha. Nilikuja kujua siku mbili baadaye, alipoingia mama mmoja wa mtaa wa nyuma ambaye bintiye amewekwa ndani akingoja arusi. Akasalimia vizuri, akauliza hali, akauliza hali tena, kisha akasema, "Mwanangu, mavyaa wako hayupo? Nilikuja kwa vile vidonge vya mashavu. Alinipa vitano, lakini bi arusi uso ungali bapa, na arusi ni Ijumaa ijayo."

Nilikwenda chumbani mbio. Kichupa nilikitikisa, kikalia kama njuga yenye punje mbili. Nikamwaga kitandani. Vidonge sita! Na siku ya kliniki bado siku tisa.

Sasa lazima niseme jambo la kwetu, mtu asije akamwona mavyaa mpumbavu. Katika mtaa wetu kitu chema hakikuliwa na mmoja. Ukipika pilau, sahani yatoka. Na sahani ikija kwako hairudi tupu kwa mwenyewe, hata kama huna kitu utatia ndimu mbili au chumvi kidogo kwenye karatasi. Mavyaa alikulia humo. Alipopata kitu kilichomrudishia pumzi, alikifanya alivyofanya kila kitu chema maishani mwake. Kampa wa magoti, kampa wa mgongo, kampa mwenye kipele, kampa wa mashavu. Ningemfikiria hivyo siku ile? Thubutu! Aliporudi nilimpokea kwa sauti iliyofika barabarani.

"Mama, wataka kufa?"

"Mbona wapiga makelele, watu wapita."

"Wapite! Daktari alisema nini? Alisema ukinyang'anywa dawa hii ghafla roho yatoka. Na hukunyang'anywa na mtu, umejinyang'anya mwenyewe, ukaigawa kama kashata!"

Akakaa kitandani, akavitazama vile vidonge sita. Nikaona ameogopa, na hofu yake ikanikata maini kuliko ubishi. Akasema polepole, "Amekuja shoga yangu ajikokota kama mtoto, mwanangu. Mimi nina kichupa kizima. Ningemnyima vipi?"

"Basi naenda kuviomba virudi. Nyumba kwa nyumba."

Hapo akasimama. "Wallahi, ukikidai hata kimoja nilichotoa kwa mkono wangu, mimi si mamako. Kheri nife na heshima yangu." Na aliposema hivyo sikuona mzaha usoni mwake. Kutoa kitu kisha kukidai, kwetu, ni aibu ya kuhama mtaa.

Mume wangu akaenda hospitali kesho yake kabla ya kazi. Karani wa dirisha la dawa akamwambia haitoki bila karatasi ya daktari, na daktari amekwenda bara kwa kazi, harudi mpaka siku ya kliniki. Madukani je? Akazunguka maduka ya dawa ya mjini yote, hakuna aliyekuwa nayo. Mume wangu alirudi akakaa uani na kofia mkononi. Vidonge vimebaki vitatu, maana mavyaa alikwisha kunywa vya asubuhi hiyo. La, nasema uongo: vilibaki vinne. Mimi mkwe mkaidi nilimpa viwili badala ya vitatu, nikamwambia ndivyo daktari alivyoniagiza tukifika mwishoni.

Usingizi haukunijia vizuri, lakini akili ilinijia. Mavyaa alikataza kudai. Kupeleka sahani hakukataza.

Alipotoka kwenda maulidini Kongowea, maana siku hizo hakukosa shughuli yoyote, niliteleka vitumbua. Nilivipika kwa haraka na kwa hasira, vingine vikaungua. Nikajaza sahani saba, nikazifunika kawa, nikazipeleka mwenyewe. Kila nyumba nilisema maneno yale yale: "Shikamoo. Hivi vitumbua ni vyangu, mavyaa hajui. Dawa yake imekwisha na daktari hayupo, na akiikosa atakufa. Alicho nacho mtu, kama kipo, aniwekee kwenye sahani inaporudi. Asiye nacho, sina lawama." Sikudai. Nilieleza tu, na sahani nikaziacha.

Sahani zilirudi kabla ya alasiri, na jamani, ziliporudi! Wengi hawakuwa wamevinywa vidonge vile kama nilivyoogopa. Kwao dawa nzuri huwekwa akiba ya siku mbaya. Vilitoka kwenye mafundo ya leso, kwenye kasha la dhahabu, kimoja kimetoka ndani ya kidau cha wanja, cheusi kama mbegu ya papai. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kurejesha kidogo, walitia na vinginevyo. Nikapata vidonge vya malaria, vya minyoo, vya kichwa, kifungo cha shati, na peremende. Yule mama wa bi arusi alileta chupa nzima ya mafuta ya samaki, akaomba radhi, mwanawe alivimaliza vitano vyote kwa siku moja na mashavu bado.

Nilivitandaza kwenye ungo nikachambua. Vyetu vilikuwa vidogo vina mstari katikati, nilivijua. Vilivyokuwa na shaka nilivigusa kwa ncha ya ulimi, na vya malaria vikanikunja uso mara tatu. Mwisho wa yote nilipata vinane. Vinane na viwili vilivyomo kichupani, maana asubuhi hiyo alikwisha kunywa viwili vingine, ni kumi, siku tano kwa viwili viwili. Siku zilizobaki ni saba. Nikavihesabu tena kama kwamba vingezaa.

Ilikuwa bado sahani moja, ya yule wa magoti. Kwake nilikuwa nimekwenda mwisho, na kusema kweli nilitamka maneno yangu huku natazama chini, kwa kuwa alikuwa amesimama mlangoni, amefunga leso kiunoni, anatwanga. Anatwanga! Mwaka wa pili mchi alikuwa akiusikia kwa wengine.

Akaja mwenyewe. Hakumtuma mtu. Alivuka kutoka kwake hadi kwetu kwa miguu, taratibu, akinipungia mkono kama bi arusi, akanikabidhi sahani. Katikati ya sahani kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa vidonge vinne.

"Ndivyo nilivyokuwa navyo," akasema.

"Na magoti?"

"Magoti ni yangu. Wewe shughulika na vitumbua vyako, vimeungua."

Nikataka kumshika mkono, akaniambia niache mambo ya filamu, akaenda zake. Vilitimia kumi na vinne. Viwili viwili, siku saba, mpaka asubuhi ya kliniki yenyewe. Mavyaa aliporudi nilimdanganya kwamba mume wangu amevipata mjini. Mungu anisamehe, nilisema bila kupepesa.

Siku saba hizo nililala sikio wazi nikisikiliza kifua chake. Kilishuka kidogo, siku ya tano akashika ukuta mara moja, lakini hakuanguka. Aliyeanguka ni mwenzake. Siku ya tatu sikusikia mchi, na siku ya nne alikuwa chini mkekani mlangoni pake, magoti yamefura kama maboga. Mavyaa akaenda kumwona, akamwuliza, "Na vile vidonge nilivyokupa?" Akamjibu, "Nilivimaliza kwa ulafi, shoga yangu. Si wanijua?" Wakacheka. Mimi nilitoka nje, sikuweza kusimama pale.

Siku ya kliniki ilipofika nilikodi mkokoteni. Mavyaa akauliza wa nini. Nikasema, twaenda watatu. Yule shoga akagoma, akasema hana kadi, hana ugonjwa, ana uzee tu. Nikafungua mdomo wangu, ule ule mamangu alioukataza, na baada ya muda mfupi alikuwa juu ya mkokoteni amefunikwa vizuri, anatukana, mpaka kituo cha basi.

Daktari alikuwa na watu wengi lakini alituingiza sote. Nikamweleza kila kitu, sikuacha hata kifungo cha shati. Alinikaripia kwanza. Kisha akasema kupunguza kidogo kidogo ndiko alikokuwa akitaka kuanza leo, na kwamba nimeotea tu, nisije nikadhani najua. Kisha akainama kuyatazama magoti ya yule mama.

"Hizi dawa za mwenzako ulizinywa?"

"Nilizinywa. Zilinifaa, wallahi, nilitwanga."

"Mbona uliacha?"

Akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Akasema, "Zake zilikuwa hazitoshi. Nikamrudishia zilizosalia."

Mavyaa aligeuka na mwili mzima. "Uliniambia umezimaliza."

"Nilikudanganya."

"Na ulijua utarudi mkekani?"

"Nilijua. Sasa nifanyeje? Mimi nikikaa chini nakaa, watu waja kuzungumza nami. Wewe ukikosa pumzi, nani atakuja kunichekesha?"

Mavyaa akaangua kilio. Si kilio cha kujikausha macho kwa upindo. Ni kilio cha sauti, kirefu, kimetoka tumboni kikajaa chumba, watu wa nje wakachungulia. Mimi nilingoja kikohozi kimkate. Hakikuja. Akameza hewa, akalia tena, kilio kirefu kuliko cha kwanza.

Daktari aliruka kitini, akatia vyombo vyake masikioni, akambandika kile kidude baridi mgongoni juu ya baibui. Akasikiliza, uso ukamkunjuka.

"Usinyamaze, mama," akamwambia. "Hewa yaingia mpaka chini. Hebu lia tena, nisikilize na upande wa kushoto."

Akalia tena. Safari hii tulilia sote watatu, huku tunacheka, na daktari anatuzunguka na kidude chake akisema vizuri, mama, vizuri sana.